Ujiji tumehifadhi mnara, nyumba je?

Jamani, leo nina dukuduku kuhusu Ujiji.

Ukifika kwenye kumbukumbu ya Livingstone utaonyeshwa mnara na miembe, utasimuliwa jinsi Stanley alivyomkuta mzee yule mwaka 1871. Sawa. Lakini nyumba aliyokuwa akiishi haipo. Lilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo pia, na baraza pana mbele. Stanley mwenyewe aliandika kwamba walikaa barazani wakazungumza. Yaani mkutano ambao dunia nzima inausikia ulifanyika kwenye baraza la udongo, na baraza ndilo tuliloliacha lipotee!

Sheria nayo ina lake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863; la baadaye linasubiri kutangazwa. Kwa mawe ya Kilwa hakuna shida. Nyumba ya udongo haizeeki hivyo. Mvua inakula ukuta, mchwa wanakula fito, mwenye nyumba anakandika tena, anabadilisha mti mmoja mmoja. Ukiacha kukandika, miaka michache tu imerudi ardhini. Sasa umri wake utauhesabia wapi?

Kigoma mjini stesheni ya Mjerumani bado imesimama, reli ilifika 1914, na kila mgeni anaipiga picha. Nzuri kweli, sikatai. Ila mtoto wa Kigoma akionyeshwa hiyo tu, ataamini kabla ya Mjerumani hapakuwa na fundi huku.

Najua mtaniuliza: wewe unalala chini ya bati, unataka wenzako walale kwenye udongo? Hapana. Paa la udongo linataka kuangaliwa kila masika, simlaumu aliyeweka bati (ingawa jua la saa nane likipiga, sote tunajua kinachotokea ndani).

Ninachotaka ni nyumba moja. Kwihara, karibu na Tabora, lipo tembe walilokaa Livingstone na Stanley, na watu wanaingia hadi ndani. Ujiji nako lijengwe moja, kwenye uwanja uleule wa kumbukumbu. Kazi wapewe wazee wa hapohapo wanaojua kukandika, vijana wawe wasaidizi, na likandikwe upya kila mwaka. Barazani waachiwe wacheza bao, bila kiingilio.

Mnasemaje, wa Kigoma?