Utambulisho wa Afrika Mashariki hautajengwa kwa wimbo pekee

MKATABA wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika Julai 2000, na viongozi wa kanda hii wamewapa wananchi alama kadhaa za umoja: bendera, pasi ya kusafiria na, mwaka 2010, wimbo wa Jumuiya. Nchi wanachama sasa ni 8. Lililobaki bila jibu ni iwapo kijana wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, anamhesabu kijana wa Kilifi kuwa mwenzake.

Kisiwani Pemba swali hilo si la nadharia. Kwa miongo kadhaa, wavuvi wenye asili ya kisiwa hicho waliohamia Kwale na Kilifi, pwani ya Kenya, waliishi bila uraia wa nchi hiyo. Watoto wao walizaliwa huko na kuzungumza Kiswahili kama majirani zao, lakini kwa kukosa kitambulisho hawakuweza kupata leseni ya uvuvi, kufungua akaunti benki wala kumiliki ardhi kihalali. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi mwaka 2023, zaidi ya miongo miwili baada ya Jumuiya kufufuliwa.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, kadhia hiyo inaeleza maana ya Jumuiya kuliko orodha ya nchi wanachama anayoikariri kwa ajili ya mtihani. Hata hivyo, ataijua tu iwapo atakwenda kuuliza, na kuuliza ni taaluma yenye wenyewe.

Umoja wa Ulaya uliwahi kukumbana na pengo kama hilo. Ulikuwa na bendera, wimbo na sarafu, lakini mwaka 2005 wapiga kura wa Ufaransa na Uholanzi waliikataa katiba iliyopendekezwa. Jitihada tofauti ilikuwa imeanzia chini: mwaka 2001, wanafunzi wa mpango wa Erasmus mjini Strasbourg walianzisha Cafébabel, jarida la intaneti ambamo vijana wa miji mbalimbali waliandika habari za kwao, waandishi wa habari wakazihariri, kisha zikatafsiriwa kwa lugha kadhaa.

Pwani ya Afrika Mashariki haina haja ya gharama hiyo ya tafsiri. Kiswahili, ambacho Kamisheni yake ya Jumuiya ina makao Zanzibar, kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Pemba ina redio ya jamii Micheweni, na pwani ya Kenya nayo ina redio zake. Habari iliyokusanywa na wanafunzi wa Wete inaweza kusikika Shimoni bila kubadilishwa neno.

Katika ushirikiano wa namna hiyo, kila upande una lake la kutoa. Wanafunzi wana wazee majumbani wanaokumbuka nani alivuka bahari, lini na kwa sababu gani. Waandishi wa habari wana ujuzi wa kulinganisha maelezo, kuhakiki tarehe na kumlinda msemaji ambaye jina lake likitajwa litamletea madhara.

Aidha, zipo habari zinazouma. Januari 2001, zaidi ya watu 30 waliuawa Zanzibar, wengi wao Pemba, polisi walipozima maandamano ya upinzani, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Shimoni. Mwaka 2003, Serikali ya Zanzibar ililifungia gazeti binafsi la Dira. Mwalimu atakayeruhusu wanafunzi wachunguze mambo hayo atahitaji kuungwa mkono na wizara na wahariri, si kuachwa peke yake.

Lakini ushirikiano utakaokwepa habari hizo utazalisha matangazo tu. Wakimbizi wa Shimoni walipokelewa na watu waliozungumza lugha yao, ng'ambo ya mpaka. Kijana wa Pemba akilijua hilo kwa ushahidi alioukusanya mwenyewe, hatahitaji kuambiwa na kiongozi yeyote kwamba jirani wa Kenya ni mwenzake.