Saa ya Kula Nayo ni Lishe

Ndugu msomaji, simama jioni moja karibu na Nane Nane, hapa Nzuguni, uwatazame watumishi na vibarua wanaorejea kutoka mjini Dodoma. Wengi waliondoka alfajiri na kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Mchana wakajikaza kwa andazi na soda. Sasa yakaribia saa 3 usiku. Nyumbani wanangojewa na ugali wa sembe uliorundikwa kama kichuguu, na nusu saa baadaye wamekwisha lala.

Mazoea haya yana madhara. Wanga tunaokula hugeuka sukari katika damu, na kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie mwilini na kutumika. Mwili huifanya kazi hiyo vema zaidi asubuhi kuliko usiku. Ugali ule ule ukiliwa usiku huipandisha sukari zaidi, nayo hukawia kushuka. Miaka ikipita hivyo, na kitambi kikiongezeka, kisukari huwa hakiko mbali.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya matajiri tu. Katika vijiji 6 vya Tanzania ambavyo matokeo ya uchunguzi wake yalitangazwa mwaka 1989, wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila watu 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 uliwakuta wapatao 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Tufanyeje basi? Wazee wa Ugogo walituachia ugali wa uwele na mtama, kwa mlenda. Nafaka isiyokobolewa ina nyuzinyuzi, na utelezi wa mlenda huichelewesha sukari kuingia katika damu. Baba anayechelewa kazini afungiwe maharage na viazi vitamu, ashibe mchana. Usiku ale mapema awezavyo, ugali kidogo na mboga nyingi, kisha atembee kidogo kabla ya kulala.

Lakini anayetumia dawa za kisukari asiache mlo wala kubadili saa zake kabla ya kumwuliza daktari. Sukari yaweza kushuka ghafla na kuhatarisha maisha yake. Nawe unayejiona mzima, nenda ukapimwe, kwani maradhi haya huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tuonane Jumapili ijayo.