Kadi ya Meno na Maji ya Utotoni

Jino ni kumbukumbu. Gamba gumu linalolifunika, liitwalo enameli, hujengwa utotoni; kwa meno mengi ya kudumu kazi hiyo humalizika mtoto afikapo umri wa miaka minane hivi. Likisha kukamilika halijengwi tena. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi katika miaka hiyo, meno yake huota na mabaka meupe, ambayo baadaye huweza kugeuka kahawia na hayaondoki kwa mswaki.

Mkoa wa Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Lakini mwaka 1974 Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji vijijini, iliruhusu kwa muda kiwango cha miligramu 8. Madhara ya miaka hiyo yamo vinywani mwa watu wazima wa leo.

Kadi ya mgonjwa yenye jina, umri na jino lililong'olewa tu haiwezi kueleza historia hiyo. Mkazi wa kata ya Kambarage, mjini Shinyanga, huenda alikulia kijiji cha mbali. Anwani yake ya leo haisemi lolote juu ya maji aliyoyanywa utotoni. Kwa hiyo kadi ya meno haina budi kuuliza: mgonjwa alikulia wapi, alikunywa maji ya kisima, ya bwawa au ya bomba, na je, chakula cha nyumbani kilipikwa kwa magadi? Magadi nayo huweza kuwa na floraidi.

Nguvu ya maswali ya namna hiyo imekwisha kuthibitishwa. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Kwa miaka mingi alichunguza nani ana madoa na nani hana, akabaini kuwa waliohamia pale wakiwa watu wazima hawakupatwa. Hivyo akayashuku maji. Mwaka 1931 wanakemia walithibitisha kuwa kisababishi ni floraidi.

Kumbukumbu hizo sharti ziandikwe kwa lugha moja. Katika mfumo wa kimataifa kinywa hugawanywa sehemu nne, na kila jino hupewa tarakimu mbili: ya kwanza ni ya sehemu, ya pili ni nafasi ya jino kuanzia katikati. Jino la 36 ni gego la kwanza la kudumu la chini, upande wa kushoto wa mgonjwa. Daktari wa Geita akiandika 36, wa Shinyanga hawezi kukosea.

Huko Geita yafaa kuongeza swali la kazi. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, kisha huichoma. Anayevuta mvuke wake kwa wingi huweza kuvimba fizi na kutokwa na vidonda kinywani. Kadi isiyotaja kazi itamfanya mganga adhani ni uchafu wa meno tu.

Wako watakaosema kuwa foleni ni ndefu na watumishi ni wachache. Ni kweli, lakini maswali haya hayazidi mistari minne. Lililo zito zaidi ni kutunza siri: kadi ikae kabatini chini ya ufunguo, wala isiwe kitu cha kusomwa na kila apitaye.

Mwaka 2009 mradi mkubwa ulifikisha maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga, maji yenye floraidi kidogo. Je, watoto waliozaliwa baada ya hapo wameepukana na madoa ya wazazi wao? Hilo ni swali ambalo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kulielewa. Jibu lake litategemea kadi zilizoandikwa vema na kuhifadhiwa. Kadi iliyotupwa haiwezi kuandikwa upya.