Asili ya Gari la Baba ni Ipi?

Ugomvi wa mirathi aghalabu huzushwa na shamba au nyumba. Lakini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini uko urithi mwingine ambao huanza kwa kuchekwa na kuishia kwa kugombewa, nao ni gari kuukuu lililolala uani. Kuku wanataga chini ya usukani, magurudumu yamezama ardhini, na watoto wamekwisha ling'oa vioo vya pembeni. Arobaini ya marehemu ikipita, kila mmoja huja na shauri lake. Wa kwanza ataka waitwe wanunuzi wa chuma chakavu, waje na mizani yao. Wa pili ataka lifungwe injini ya Toyota ili lipeleke viazi sokoni. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye aliyetoka Dar es Salaam kwa ajili ya msiba, asema gari la baba lirejeshwe katika hali yake ya asili, ling'ae kama siku lilipotoka kiwandani.

Watu humsikiliza huyu wa tatu kwa heshima, kwa maana maneno yake ni mazuri. Lakini neno "asili" lina uzito kuliko linavyosikika, na gari lingine limeharibiwa na mtu aliyelipenda kuliko lilivyoharibiwa na mvua.

Kwanza tukubaliane ni gari gani tunalolizungumzia. Katika nchi za Ulaya, mtu akitaja gari la kale la michezo, hufikiriwa gari fupi la viti viwili, lililoinama karibu na ardhi, lenye paa la kukunja. Gari la namna hiyo lingevunjika tumbo kabla ya kufika Makambako katika barabara za zamani. Gari letu la michezo lilikuwa gari la familia. Mashindano makubwa ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzia katika miji mitatu: Nairobi, Kampala na hapa kwetu Morogoro. Katika miaka ile ya mwanzo magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani, na yalitakiwa yawe yale yale ambayo mwananchi angeweza kuyanunua. Kwa hiyo kubaki katika hali ya asili kulikuwa ndiyo sheria ya mchezo wenyewe.

Katika magari hayo, lililopata sifa kuliko mengi ni Peugeot 404, ambalo wengi wetu tuliliita Pijo tu. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na likashinda Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa mara mbili, wa 1966 na 1967, ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Ili msomaji apate kipimo cha ugumu wa kazi hiyo, mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Baadhi ya magari ya ushindi yalitumia pampu ya kunyunyizia petroli mahali pa kabureta, lakini bodi yake ilikuwa ndugu wa tumbo moja na ile iliyoko uani kwenu Mafinga au Tukuyu. Mwaka 1965, alipovunja mfululizo wa wakubwa, Joginder Singh wa Kenya alitumia Volvo iliyokwisha tumika, akaitengeneza mwenyewe pamoja na nduguye Jaswant.

Sasa turudi uani. Ukilichunguza gari la baba utakuta chini ya injini pamechomelewa bamba nene la chuma ambalo halimo katika kitabu chochote cha Peugeot. Springi za nyuma zimeinuliwa. Bushi zimechongwa kutokana na mpira wa tairi kuukuu. Mlango wa kulia una rangi mbili. Kijana aliyetoka Dar es Salaam huona haya yote kuwa ni uchafu wa kufutwa.

Lakini kila alama ina sababu yake. Mwezi wa Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta, na barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma ikajaa malori yenye mapipa. Ilikuwa barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, hata madereva wakaiita njia ya jehanamu. Lami kamili haikufika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyekuwa na gari dogo katika njia hiyo bila bamba chini ya injini alikuwa akicheza kamari. Kisha ikaja mwaka 1973 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, ikaja vita ya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na fedha za kigeni zikawa adimu kabisa. Wazee watakumbuka kwamba katika kipindi hicho kulikuwa na amri ya kutoendesha magari ya binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Vipuri vilitafutwa kama dawa. Fundi aliyekata gasketi kwa mkasi kutoka katika boksi hakuwa mzembe. Alikuwa akiifikisha familia ya watu hospitalini.

Basi asili ni ipi: ile ya kiwanda cha Ufaransa, au ile ya miaka ishirini katika barabara ya Iringa?

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la magari ya kale, liitwalo FIVA, liliidhinisha mkataba uitwao Mkataba wa Turin, ambao msimamo wake, kwa maneno mepesi, ni kwamba kuhifadhi huja kabla ya kutengeneza upya, na kwamba alama za maisha ya gari nazo ni sehemu ya historia yake. Wenye kuhifadhi majengo walikwisha kulitambua jambo hilo zamani. Mwenye kutaka mfano wa karibu na aende Boma la Iringa, jengo la wakati wa Wajerumani lililokarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Hakuna aliyelibomoa ili alijenge upya lipendeze zaidi.

Maoni yangu ni haya. Chochote kinachoshika roho za watu kirudishwe katika kipimo cha kiwanda bila mjadala: breki, usukani, mihimili ya bodi, mabomba ya petroli, nyaya za umeme. Hapo historia isisikilizwe. Bushi ya mpira wa tairi ikae katika boksi la kumbukumbu, si katika usukani. Lakini bamba la chini ya injini, kwa nini litolewe? Springi zilizoinuliwa, kama hazijachoka, zinamdhuru nani? Na rangi ya baba isikwanguliwe mpaka ijulikane.

Juu ya rangi nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa ndiko makosa mengi hufanyika. Fundi wa bodi akipewa gari hutaka kushika msasa siku ile ile. Azuiwe. Rangi ya kwanza hujificha mahali ambapo jua na brashi havikufika: nyuma ya kitambaa cha mlango, chini ya dashibodi, ndani ya buti. Mahali padogo, upana wa sarafu, pasuguliwe taratibu kwa msasa laini wenye maji, na tabaka zitajitokeza kama miviringo ya mti uliokatwa. Huko huonekana kama lile jekundu mnalolikumbuka ndilo la kwanza au la tatu. Kinamama wenye watoto wadogo wazingatie kwamba rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto. Msasa mkavu uani, karibu na jiko, usiruhusiwe hata kidogo. Kadhalika breki shuu za miaka ile zilikuwa na asbestosi. Vumbi lake halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho hufungwa na kutupwa.

Kuhusu injini, Peugeot 404 ni gari lenye huruma. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa upande kwa nyuzi 45, na slivu za silinda zake huchomoka. Maana yake ni kwamba slivu, pistoni na ringi zikibadilishwa, injini huzaliwa upya pasipo kulipeleka bloku lote kuchongwa. Fundi hodari wa Mwanjelwa huweza kazi hiyo. Feni yake hushikwa kwa sumaku ya umeme, ikizunguka tu injini ipatapo joto. Mafundi wengi waliifunga izunguke daima, na kwa kweli katika kupanda Kitonga siwalaumu. Difu lake ndilo lenye mtego. Ndani yake mna gurudumu la meno lililotengenezwa kwa aina ya shaba, na baadhi ya mafuta ya kisasa ya difu yana viungo vya salfa ambavyo huila shaba. Mwenye kumimina mafuta yoyote yaliyopo dukani ataisikia sauti yake baada ya muda, na gurudumu hilo halipatikani Soko la Sido.

Halafu kuna jambo la hewa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa mita 1,600 hivi. Kwa kimo hicho hewa ni hafifu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam, ikifika Mbeya, humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: plagi huwa nyeusi, moshi hutoka, gari hukosa pumzi, na ukilipandisha barabara ya Chunya, zaidi ya mita 2,000, huzidi kulalamika. Mafundi wa zamani wa huku waliweka jeti ndogo zaidi. Kijana aliyesoma kitabu cha kiwanda akiziona hizo atasema si za asili, naye atakuwa amesema kweli, lakini akiziondoa gari litamwaibisha mbele ya wakwe. Ziachwe.

Kuhusu kutu, yatakiwa mtu ajue gari limelala wapi. Iringa mjini hupata mvua kiasi na hakuna chumvi ya bahari, hivyo bodi hudumu kuliko ya Tanga. Tukuyu, kwenye mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Mufindi kwenye ukungu wa mashamba ya chai, gari huoza kuanzia sakafuni huku paa likibaki zuri. Bisibisi ichomwe chini ya zulia na kwenye mihimili kabla ya shilingi moja kutumika. Ikizama kama katika muhogo uliochemshwa, hapo ndipo hesabu ya kweli inapoanzia. Puti haishiki mahali ambapo hapana chuma.

Na yule wa injini ya Toyota? Watu wa magari ya kale humlaani. Mimi simlaani, mradi hakati kitu. Kama injini mpya yaweza kushikwa pasipo kukata mihimili, na ya zamani ikapakwa mafuta na kuhifadhiwa ndani, basi gari limeahirishiwa asili yake, halikunyang'anywa. Linalokwenda sokoni hupigwa maji na kutiwa mafuta. Lililolala uani husubiri mizani. Kwa wa mizani sina neno la utetezi, kwa kuwa gari likishakatwa vipande halina rufaa. Lakini yafaa familia ijue pia kwamba gharama ya kulirejesha aghalabu huzidi bei ya kuliuza. Asiyekuwa na uwezo leo na aliinue juu ya magogo, alifunike mahali penye hewa, azibe matundu ya panya, na asubiri. Hiyo nayo ni kazi ya kuhifadhi.

Kisheria, kabla ya mmoja kuuza, kukata au hata kupaka rangi, gari lililo katika jina la marehemu limo katika mali ya mirathi. Mwenye mamlaka ya kuliuza au kuliandikisha upya ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si kaka mkubwa kwa kuwa ni kaka mkubwa. Mara nyingi mwenye neno la haki kuliko wote ni mama mjane, ambaye hakuulizwa.

Mama huyo ndiye pia ajuaye fundi. Kabla ya kuagiza kipuri chochote, atafutwe mzee aliyelifungua gari hilo zamani, kama yu hai, awe yuko Ipogolo, Kihesa au Uyole. Mafundi hao wanazeeka, na waliyoyajua hawakuyaandika popote. Mzee aketishwe kando ya gari, apewe chai, aachwe aseme. Atautambua mchomeleo wake kama mtu atambuavyo mwandiko wake. Ataeleza kwa nini waya ule ulipitishwa pale na springi zile zilitoka katika gari gani. Kijana aandike yote katika daftari, kwa tarehe kama mzee azikumbuka, na kila kipande kitakachotolewa kifungwe kijikaratasi cha jina. Daftari hilo liwekwe ndani ya nyumba pamoja na kadi ya gari, lisiachwe ndani ya gari, kwa kuwa panya wa Mbeya wamekwisha kula kitabu kimoja cha Peugeot na wangali na njaa.