UCHAMBUZI: Alama za wafamasia huhesabiwa Nairobi, mgonjwa yuko Ndhiwa

KILA mwaka unapoyoyoma, wahudumu wa dawa kote nchini huanza mbio ambazo mwananchi wa kawaida hazioni. Leseni yao ya kuhudumu hufikia kikomo Desemba 31, na Bodi ya Dawa na Sumu humtaka anayeomba nyingine aonyeshe kwamba amejikusanyia alama za kutosha za mafunzo endelevu ya kitaaluma. Alama hizo hupatikana katika makongamano, semina na mihadhara ya mtandaoni iliyoidhinishwa. Aliyezembea tangu Januari hutafuta mhadhara wowote uliosalia, uwe unahusu nini, mradi una alama.

Mgala muue na haki yake mpe. Utaratibu huu umewafanya watu wengi waliofunga vitabu siku ya mahafali wavifungue tena. Sisi wahariri hatuna leseni ya kuhuishwa kila Desemba, na pengine ingetufaa. Kasoro ninayoizungumzia hapa ni nyingine: nani huamua mhudumu wa dawa wa Rongo au Mbita asome nini, na nani hujua kama alichosoma kilimfikia mgonjwa?

Katika kaunti za Homa Bay na Migori swali hilo si la kinadharia. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2018, asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, na Migori takriban asilimia 13, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.9. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika kila moja ya kaunti hizi. Kwa hivyo tunazungumzia maelfu kwa maelfu ya watu ambao humeza dawa kila siku ya maisha yao, na dawa zenyewe hazikai vile zilivyokuwa.

Tazama yaliyoifika dolutegraviri, ambayo sasa ndiyo nguzo ya matibabu hayo. Juni 2017, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuanza kuitumia katika umbo lake la bei nafuu. Mwaka uliofuata, utafiti kutoka Botswana ulizua hofu kwamba huenda ikadhuru ubongo na uti wa mgongo wa mtoto aliye tumboni, na Wizara ya Afya ikaelekeza kwamba wanawake walio katika umri wa kuzaa wasipewe, isipokuwa wale wanaotumia njia madhubuti ya kupanga uzazi. Julai 2019, data zaidi zikiwa zimepatikana, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wote, wanawake hao wakiwemo. Katika muda wa miaka miwili, jibu sahihi kwa swali lile lile la mama yule yule pale dirishani lilibadilika mara mbili. Mfamasia aliyehudhuria mhadhara wa 2018 na kukosa wa 2019 alikuwa na alama zake kamili, na alikuwa akitoa ushauri uliopitwa na wakati.

Kisha kuna mambo ambayo hayabadiliki lakini husahaulika. Mgonjwa anayemeza dolutegraviri ya miligramu 50 mara moja kwa siku, akipatikana na kifua kikuu na kuanzishiwa rifampisini, huhitaji kuimeza mara mbili kwa siku, kwa sababu rifampisini huifanya iondoke mwilini haraka. Aendelee hivyo kwa wiki mbili hivi hata baada ya kumaliza tiba ya kifua kikuu. Anayetumia metfomini kwa ajili ya kisukari hapaswi kuzidisha miligramu 1,000 kwa siku, kwani dolutegraviri huifanya irundikane mwilini. Na dawa za kutuliza kiungulia zenye magnesiamu au alumini hukizuia kidonge kisifyonzwe tumboni. Kimezwe saa mbili kabla yake au saa sita baadaye.

Hilo la kiungulia ndilo linaloonyesha tatizo letu waziwazi. Dawa za Ukimwi hutolewa bila malipo katika kliniki ya hospitali. Dawa ya kiungulia hununuliwa kwa shilingi chache katika duka la dawa kando ya stendi ya matatu. Mgonjwa wa Ndhiwa hupita katika madirisha mawili. Wa kwanza anajua amempa nini lakini hajui atakachonunua njiani. Wa pili anajua anachouza lakini haulizi kilichomo katika mfuko wa mteja, na mteja naye, kwa sababu za aibu zinazoeleweka, hamwambii. Wahudumu hawa wawili wangehitaji kuketi pamoja na kufundishwa jambo moja. Kwa kawaida hawaketi. Wa hospitalini hualikwa na mradi, wa dukani hujitafutia mtandaoni.

Miradi hiyo nayo imeyumba. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya elimu ya kazini kuhusu Ukimwi na kifua kikuu katika eneo la Nyanza Kusini ililetwa na wafadhili, hasa kupitia mpango wa Marekani wa PEPFAR. Mfadhili alilipia ukumbi, nauli na posho, na mara nyingi mkufunzi pia alikuwa wake. Sisemi semina zote zilikuwa na maana. Nyingine zilihudhuriwa kwa ajili ya posho, na anayelikana hilo hajawahi kuketi katika mojawapo. Hata hivyo zilikuwepo. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisitisha misaada ya kigeni kwa siku 90, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Elimu ambayo haikuwa na fungu katika bajeti yetu wenyewe ilibaki bila mwenyewe.

Kisheria mwenyewe yupo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja famasia za kaunti kwa jina, pamoja na vituo vya afya, kuwa jukumu la serikali za kaunti. Jedwali hilo hilo linaipa Serikali ya Kitaifa kazi ya kuzijengea kaunti uwezo. Bodi, kwa upande wake, ina mamlaka ya kusajili na kutoa leseni chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, iliyoanza kutumika 1957, enzi ambapo hakuna aliyeota kaunti wala ugatuzi. Matokeo yake ni kwamba Bodi huhesabu alama, kaunti hulipa mshahara, mwenye duka hulipa kodi ya chumba, na hakuna aliyelazimika kuuliza ni wahudumu wangapi wa Nyatike wanaokumbuka kuhusu rifampisini.

Tukisema mfamasia, tusijidanganye kwamba kila dirisha lina mwenye shahada ya miaka mitano. Wengi wanaokutana na mgonjwa ni wateknolojia wa dawa, waliosoma stashahada ya miaka mitatu, wengi wao katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, ambacho kina bewa Homa Bay na jingine Migori. Nao pia hudaiwa alama. Nyuma yao yuko mtu wa tatu, msaidizi ambaye hakusajiliwa popote, anayeachiwa kaunta bosi akitoka.

Na hapo ndipo utaratibu wa sasa hujikwaa katika miguu yake wenyewe. Mwenye duka Kehancha au Sindo, akienda Kisumu kwa semina ya siku mbili, ana njia mbili tu. Afunge duka na kupoteza mapato ya siku mbili juu ya nauli na malazi, au amwachie msaidizi, jambo ambalo sheria inalikataza na ambalo wakaguzi wa Bodi hulifungia maduka. Aliye Mfangano huanza na mashua hadi Mbita kabla hata hajafikiria matatu. Tangu janga la Korona la 2020 mihadhara mingi imehamia mtandaoni, na huo ni msaada wa kweli. Lakini kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa aina hiyo anajua jinsi mtu anavyoweza kuwasha simu, kuiweka chini ya kaunta na kuendelea kuhudumia wateja. Jina lake huonekana katika orodha ya waliohudhuria. Alama huingia.

Uingereza iliwahi kupambana na tatizo hili hili. Tangu 2018 baraza linalosimamia wafamasia huko halihesabu saa wala alama. Kila mmoja huwasilisha rekodi sita kwa mwaka: nne za alichojifunza, moja ya mazungumzo na mwenzake kuhusu kazi yao, na moja ya tafakuri juu ya utendaji wake. Katika kila rekodi hutakiwa kutoa mfano wa jinsi mgonjwa au mteja alivyofaidika. Sipendekezi tunakili mtindo huo kama ulivyo, kwa kuwa rekodi pia huweza kutungwa, na watu wetu ni mafundi wa kutunga. Ninachokiona cha maana ni hilo swali la mgonjwa, ambalo fomu zetu za mahudhurio haziulizi.

Nyenzo za kulijibu tunazo. Kila kaunti ina mfamasia wake mkuu. Hospitali za rufaa za Homa Bay na Migori zinapaswa kuwa na kamati za dawa na tiba, zinazopitia jinsi dawa zinavyoandikwa na kutumika. Kuna fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa na ile ya waridi ya kuripoti dawa zenye ubora duni, ambazo Bodi hupokea. Mfamasia wa kaunti akiketi Januari na fomu hizo pamoja na vyeti vya dawa vya mwaka uliopita, ataona mwenyewe makosa yanayojirudia, na hayo ndiyo yatakayokuwa masomo ya mwaka. Kikao cha saa mbili jioni katika hospitali ya kaunti ndogo, wenye maduka wakialikwa pamoja na wa serikalini, hakihitaji hoteli. Kinahitaji chai, na Bodi ikubali kukipa alama.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba kaunti zikipewa nafasi ya kugawa alama zitagawiana kindugu. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kumpa kila mshiriki, mwishoni mwa kikao, cheti halisi cha dawa kilichofutwa jina na kumtaka aandike kasoro iliyomo, karatasi hizo zihifadhiwe kwa ajili ya mkaguzi wa Bodi. Ya pili ni kwamba kaunti hazina pesa, hata Mamlaka ya Kusambaza Dawa, KEMSA, huzidai. Nayo ni kweli, na ni kweli pia kwamba ujuzi wa mfamasia haujazi rafu tupu. Lakini dawa inayofika ikatolewa vibaya ni pesa zilizotupwa mara mbili, kwanza kwa kuinunua, pili kwa kumtibu aliyedhurika au aliyepata usugu.

Usugu ndio unaonitia wasiwasi zaidi nikitazama ramani. Mfamasia aliyehitimu 1997 alifundishwa kwamba malaria hutibiwa kwa klorokwini. Kenya iliiacha 1998 na kugeukia dawa ya SP, nayo ikaachwa kwa uamuzi wa 2004 uliotekelezwa 2006, tulipohamia dawa mseto zenye atemisinini. Sasa vimelea vyenye usugu wa kiasi kwa atemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda na katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ng'ambo ya ziwa lile lile linalopiga fuo za Mbita na Muhuru Bay. Isebania na Sirari zimetenganishwa na mpaka unaovukwa kwa miguu kila siku. Ndhiwa, ambako chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Septemba 13, 2019, ni eneo linaloijua malaria kuliko wanavyoijua watayarishaji wengi wa mihadhara. Dozi nusu inayouzwa Isebania kwa sababu mteja hana pesa za kutosha ni somo la mafunzo endelevu, na lingepaswa kufundishwa Isebania, ikiwezekana wenzetu wa Sirari wakiwa wamealikwa.

Zaidi yako njiani. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenakapaviri, sindano ya kuzuia maambukizi ya Ukimwi inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka. Ni dawa nyingine ambayo rifampisini huingiliana nayo. Maswali kuihusu hayatasubiri kongamano. Yataulizwa katika maduka ya Oyugis na Awendo na kijana aliyesikia habari zake redioni.

Sheria inazitaka serikali za kaunti ziwasilishe makadirio ya bajeti kwa mabunge yao kufikia Aprili 30. Madiwani wa Homa Bay na Migori watakapofungua vitabu hivyo vinene, waombe waonyeshwe ukurasa ulio na fungu la mafunzo ya wahudumu wa dawa. Na kama haupo, mawaziri wa afya wa kaunti hizo mbili waulizwe ni nani sasa analipia kazi ambayo mfadhili aliiacha.