VIJIDUDU VYA KULA SUMU: TUULIZWE SISI TUNAOVISHIKA



Siku hizi huuzwa vijidudu vya kula uchafu: mafuta yaliyomwagika, maji machafu, hata sumu za viwandani. Sisi hatuvipingi. Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipomwaga mafuta huko Alaska, sehemu za pwani zilinyunyizwa mbolea ili vijidudu vilivyokuwa pale pale viongezeke na kula mafuta upesi, na kazi hiyo ilisaidia. Karakana ambazo udongo wake umekunywa dizeli miaka mingi zingefaidika vile vile.

Lakini tukiambiwa, ni vijidudu tu, havina neno, hapo twasema ngoja kwanza.

Iko dawa ya kuoshea grisi kwenye vyuma, jina lake trikloroethilini. Ikizama ardhini huharibu maji ya visima. Viko vijidudu vinavyoivunja, lakini vingine huishia njiani na kuacha gesi iitwayo vinili kloraidi, ambayo ni mbaya zaidi. Gesi hiyo twaijua kwa vifo vya wenzetu. Mwaka 1974 ilitangazwa kwamba wafanya kazi wa kiwanda kimoja mjini Louisville, Marekani, walioishughulikia, walikufa kwa saratani ya ini ya namna isiyoonekana mara nyingi. Vijidudu vya jamii ya Dehalococcoides huweza kuimaliza kabisa. Basi haitoshi kuuliza kama sumu ya kwanza imekwisha. Tuulize imegeuka kuwa nini.

Tena yuko Burkholderia cepacia. Mtaalamu Burkholder wa Marekani alimweleza mwaka 1950, akiwa amemtoa katika vitunguu vilivyooza. Baadhi ya aina zake ni hodari wa kuvunja trikloroethilini hiyo hiyo. Lakini akiingia katika mapafu ya mtu aliyezaliwa na ugonjwa wa makohozi mazito aweza kumwua, na dawa nyingi hazimwezi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Wajumbe wetu waliomo, kabla pipa halijafunguliwa, waombe karatasi yenye jina kamili la kijidudu (jina la biashara halitoshi), kinaacha nini nyuma yake, nani alikipima, na mnyunyizaji avae nini puani na mikononi. Mwenye kidonda au kifua kibovu asipewe kazi hiyo. Karatasi isipokuwapo, pipa likae limefungwa, na katibu wa tawi apewe habari siku ile ile.