"Haina Kileo": Kwa Mizani ya Nani?

Juzi baada ya sala ya alasiri, kijana wa jirani alinijia barazani, mkononi kashika chupa ya bia iliyoandikwa kwa Kizungu kuwa haina kileo. "Shikamoo, ami. Hii yafaa au haifai?" Nikamwitikia marahaba, nikamkalisha, kwani swali lake ni fupi lakini jibu lake lina safari.

Wasomaji wapenzi, tuanze na hilo neno "haina". Ujerumani, bia yenye kileo hata kufikia nusu ya asilimia moja yaruhusiwa kuitwa isiyo na kileo. Marekani wana maneno mawili: moja ni la bia iliyo chini ya nusu asilimia, la pili ni la isiyo na kileo kabisa. Basi mnunuzi asiyejua chupa imeandikwa kwa sheria ya nchi gani, hajui amebeba nini.

Wala mchezo huu si wa leo. Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku vileo kwa katiba yake. Ilipofika 1933, uchumi umeanguka na serikali ina njaa ya ushuru, Bunge likapitisha kuwa bia ya asilimia 3.2 hailevyi! Tarehe 7 Aprili ikaanza kuuzwa, na ile marufuku ya katiba haikuondoka mpaka Desemba. Si bia iliyobadilika, ni maandishi.

Tena hiyo 3.2 ilipimwa kwa uzito. Kileo ni chepesi kuliko maji, kwa hiyo bia hiyo hiyo ukiipima kwa ujazo hupata kiasi cha asilimia 4. Jimbo la Utah, ambako dhehebu la Mormon linalokataza pombe lina nguvu, lilishikilia kipimo hicho katika maduka ya vyakula mpaka Novemba 2019, kisha likapanda hadi 4 kwa uzito, yaani 5 kwa ujazo. Sababu? Majimbo mengine, kama Oklahoma mwaka 2018, yalikwisha kuiacha bia hafifu, na watengenezaji wakawa hawaoni faida kuipika. Nako Finland, bia ya madukani ilikuwa haizidi 4.7, mwaka 2018 ikawa 5.5, na mwaka 2024 ikafika 8.

Sisemi kuwa sheria hizo hazina maana. Sweden, anayetaka bia inayozidi 3.5 haipati katika duka la vyakula, sharti aende duka la serikali. Kumwekea mnywaji kizuizi njiani ni jambo la busara, na nchi yoyote ina haki ya kuwalinda watu wake.

Lakini sheria hizo hupima madhara na ushuru. Sisi tuliokalia mkeka wa chuoni tulifundishwa kipimo kingine: kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu. Kipimo hicho hakipandi kwa kuwa kiwanda kimekosa faida, wala hakishuki mtu avukapo mpaka. Ama ile chembe inayojizalia yenyewe katika siki au mkate, hiyo wanavyuoni wana maneno yao, nami siwaingilii.

Langu mimi mtunga mashairi ni neno. Neno ni amana. Aliyeandika "haina", na iwe haina. Kama imo nusu asilimia, na aseme imo, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka bila miwani. Hapo kila mtu atachagua kwa macho yake, Mwislamu na asiye Mwislamu.

Kijana akaniuliza, "Sasa ami, niinywe nisiinywe?" Nikamwambia: "Mwanangu, mimi si mufti. Kamuulize sheikh wako. Lakini hukumu ya dini yako usiitafute kwenye karatasi ya chupa, maana aliyeiandika alikuwa akimjibu mtoza ushuru, hakuwa akikujibu wewe."